Oda Iliyopungua

Nilifika kijijini, nje ya Masaka, na cherehani mbili,
boksi la zipu, na maneno ya semina:
kuongeza thamani, soko la kisasa.
Lwanyaga alinisikiliza huku akigonga gome,
ko, ko, ko,
hakuinua kichwa.
Alipomaliza upande ule akauliza:
"Hiyo thamani mnaiongezea wapi, juu au chini?"

Vijana wakacheka. Nami nikacheka, nikiumia.

Kizza alizijua nyundo tatu tangu utotoni,
ya mifuo mipana, ya mifuo ya kati,
na ile yenye mifuo myembamba kama mistari ya kiganja,
lakini mkasi ulimtetemesha.
"Lubugo haukatwi," alisema. "Hukunjwa."
Nabbosa hakungoja. Akakata.
Wekundu ule wa udongo wa barabara yetu
ukafunguka bila sauti,
ukatoa harufu ya moshi wa majani ya mgomba.

Mfuko wa kwanza uliraruka mvuani.
Wa pili ulitoa rangi kwenye shati jeupe la mwalimu wa hesabu;
hadi leo ananidai sabuni.
Wa tatu tuliupaka nta, tukautia bitana ya pamba,
tukaumwagia birika zima la maji,
tukakaa kimya kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.
Halikupenya tone.

Duka moja la Kampala likaagiza ishirini.
Ishirini!
Lwanyaga alizima redio ili asikie vizuri.
Mituba ikachunwa, na migomba ikavuliwa majani
ili kuivisha mituba,
maana mti nao husikia baridi,
na usipouvisha mwaka huu, mwakani utakunyima.

Zilibaki siku tatu tupeleke mzigo.
Alfajiri mwana wa Nalubowa alisimama mlangoni,
kofia mkononi.
Hakusema mama amekufa. Alisema:
"Nimekuja kuchukua lubugo."

Tukatazamana.
Kijiji kizima, hapakuwa na gome lililo zima.
Yote tulikuwa tumeyakata.
Nilitaka kutaja shuka za dukani.
Nikameza.

Nabbosa ndiye aliyevuta kiti.
Akachagua mifuko sita ambayo haijaonja nta,
akaifumua: bitana huku, zipu huku.
Kizza akaleta nyuzi za ukindu,
kwa kuwa nailoni, alisema, itamkwaruza.
Ule mshono wa kuunga viraka
niliowafundisha kwa ajili ya foronya za wageni,
waliushona mchana kutwa bila kula,
na Lwanyaga akafuata nyuma yao kwa nyundo ndogo,
ko, ko, polepole,
hadi kila kiungo kikalala kama kovu la zamani.

Mifuko sita ilitosha.
Nalubowa alikuwa mfupi, Mungu alitusaidia.

Walipoutandaza, mwanawe akapitisha mkono juu yake,
akakwama karibu na bega.
"Na hiki?"
Kimfuko cha ndani. Tulisahau kukifumua.
Nilihisi uso wangu ukiwaka.
"Cha miwani," Nabbosa akajibu,
kana kwamba ndivyo sanda zote zilivyo.
Yule mtu akafikiri kidogo.
Akaingia ndani, akarudi na miwani ya mama yake,
ile yenye mkono mmoja uliofungwa waya,
akaitumbukiza humo.

Duka likapiga simu: mbona kumi na minne?
Nikasema sita imeshachukuliwa.
"Na nani?"
"Mteja wa hapa hapa. Alikuwa na haraka."

Sasa juu ya cherehani
hutundikwa gome moja zima, pana, bila bei.
Lwanyaga mwenyewe alilipigilia misumari
na hakutueleza neno.
Mkasi haulifikii.
Chini yake tunashona.